Ligi ya hoki bila barafu mjini Goma: shajara ya msimu wa 2024

Nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kuanzisha ligi kama hii Bukavu, Bunia au Lubumbashi. Bei ni zile tulizolipa sisi, kwa dola. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama franka 2,800.

25 Mei 2024: Uwanja umepatikana

Parokia moja ya hapa Katindo imetupa uwanja wake wa basketi, Jumatano na Jumamosi asubuhi, kwa sharti kwamba tuurudishe ukiwa safi. Ni saruji, mita 28 kwa 15. Uwanja wa hoki ya barafu unafika mita 60 kwa 30, kwa hiyo tuna chini ya robo yake. Badala ya wachezaji watano na kipa, tutacheza wanne na kipa.

Wazo lilitoka kwa watoto. Waliona video za vijana wa Nairobi wanaocheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, kilichofunguliwa mwaka 2005, wakauliza kwa nini sisi hatuna. Barafu hatutaipata: hapa hata umeme wa kugandisha samaki unatushinda bei. Lakini kazi ya barafu katika mchezo huu ni kutelezesha, na mradi wote huu naufanya kuwa utafutaji wa mtelezo juu ya saruji na mchanga wa volkano.

Timu nne, kwa mitaa: Katindo, Ndosho, Mabanga, Birere. Watoto wanane kila timu, wavulana na wasichana pamoja. Mechi ni likizo, Julai na Agosti, kiangazi. Zote asubuhi, kwa sababu hakuna mzazi wa Goma mwaka huu anayetaka mtoto wake awe njiani jioni.

8 Juni 2024: Patini tumeziacha

Tulinunua jozi tisa za patini (viatu vya magurudumu) za mitumba, nyingine Birere, nyingine ng'ambo ya mpaka Gisenyi. Wastani wa dola 12 kwa jozi, jumla dola 108. Ni fedha iliyopotea zaidi katika mradi huu, kwa hiyo someni vizuri.

Mchanga wa Goma ni lava iliyosagika. Chembe zake zina makali, na uwanja wetu unazipokea kila upepo ukivuma na kila gari likipita. Magurudumu yalianza kuliwa upande wa ndani, mchezaji akawa anasimama miguu imepinda. Kisha beringi zikajaa. Fundi pikipiki wa Majengo alizifungua, akazisafisha kwa petroli, akazipaka grisi. Siku iliyofuata zilikuwa zimekwama zaidi, maana grisi inakamata vumbi. Kuzibadilisha haikuwezekana. Beringi za patini ni zile ndogo za namba 608 (tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22), na yeye alizo nazo ni 6301 na 6302 za magurudumu ya pikipiki. Ukichanganya na magoti yaliyochubuka kwenye saruji, uamuzi ulikuwa rahisi: tunacheza kwa miguu, na raba. Hata Kanada watoto hucheza hoki barabarani hivyo hivyo, bila patini wala barafu.

Jozi sita tumeziuza kwa dola 60. Kama mji wenu una saruji laini isiyo na changarawe ya volkano, msiogope patini kwa sababu yetu, ila tafuteni magurudumu magumu yenye alama ya 82A kwenda juu. Yale laini ni ya ndani ya ukumbi.

15 Juni 2024: Magongo

Nani Goma anajua kuchonga mti mgumu utakaopigwa kila siku usivunjike? Fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Nilimpelekea mmoja wa Ndosho mchoro na vipimo, akachonga magongo sita ya mkaratusi, kipande kimoja kutoka mpini hadi ubapa, dola 4 kila moja. Yalivunjika yote katika mazoezi ya kwanza na ya pili, na yote mahali pamoja, shingoni, pale mpini unapokutana na ubapa.

Nilimrudishia vipande. Hakusema kitu kwanza. Alivipanga chini, shingo kwa shingo, akaweka kidole kwenye mstari wa nyuzi za mti na kuufuata taratibu mpaka ulipokatika.

"Kocha, umenichorea gongo lililopinda, mimi nimelikata kwenye ubao ulionyooka. Nyuzi zinafika kwenye pindo, zinaisha. Hapo hakuna mti tena, kuna sura ya mti tu."

Akaenda nyuma ya banda akarudi na kipande cha mkaratusi kilichopinda chenyewe, alichokuwa amekiweka kwa usukani wa chukudu. Kwenye kipande hicho nyuzi zinapinda pamoja na mti. Wamikmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia, waliochonga magongo ya hoki ya Kanada katika karne ya 19, walifanya vivyo hivyo: waliutafuta mti pamoja na pindo la mzizi wake. Fundi wangu hajawahi kusikia habari zao, wala hakuzihitaji.

Mti uliopinda vizuri haupatikani kila siku. Tulipata wa kutosha magongo manane. Mengine kumi na mawili ni ya kuunga: mpini ulionyooka umechanwa mwishoni, ubapa wa mbao za tabaka umeingizwa kwenye ufa, gundi ya mbao, misumari miwili iliyopigwa ikapindwa upande wa pili. Gundi peke yake iliachia siku uwanja ulipokuwa na umande. Tiba ni kuzungusha utepe wa mpira wa ndani wa baisikeli, umevutwa kwa nguvu, kuanzia ubapani hadi shibiri moja juu ya shingo. Tangu hapo yanapasuka mara chache, na yakipasuka utepe unashikilia mpaka filimbi.

Magongo ishirini, dola 5 kila moja: dola 100. Urefu: mtoto akisimama na raba zake, gongo lifike kati ya kifua na kidevu. Na mkaratusi usichongwe mbichi, kwa sababu ukikauka unajipinda. Fundi huuweka juu ya jiko, chini ya bati.

29 Juni 2024: Kisahani

Hapa ndipo kazi ilipokuwa.

Kisahani, kile kinachopigwa kwa magongo katika hoki ya barafu, ni kipande cha mpira mgumu mweusi chenye kipenyo cha sentimita 7.62, unene 2.54, uzito gramu 156 hadi 170. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Juu ya barafu kinakwenda bila kizuizi kikubwa. Juu ya saruji, mpira unang'ang'ania, na ndiyo sababu matairi ya gari ni ya mpira. Tulikata visahani viwili kutoka tairi la lori, kazi ya nusu siku ya msumeno kwa sababu ya nyuzi za ndani. Ukikipiga kinakwenda hatua tatu na kusimama.

Kisahani cha mkaratusi kinateleza. Kinapasuka pia, kufuata nyuzi zile zile. Kimoja kiligawanyika mara mbili mbele ya goli, nusu ikaingia, na watoto wakabishana kwa muda mrefu kuhusu nusu bao.

Kilichotufaa ni bidoni la njano, yaani dumu la plastiki. Mabidoni yaliyopasuka yamejaa Goma, franka mia tano kila moja, mengine bure. Plastiki yake inalainika kwenye nyuzi joto 130 hivi, joto ambalo makaa ya kawaida yanalifikia bila shida. Tunafanya hivi: tunaliosha bidoni, tunalikata vipande vya ukubwa wa kucha, tunaviweka kwenye sufuria kuukuu isiyorudi jikoni tena, moto mdogo, nje, upepo ukitoka mgongoni, watoto wakiwa mbali. Moshi ukianza kuwa mweusi, makaa ni mengi, ondoa. Msichanganye chupa za soda, na mabomba ya plastiki msiyaguse kabisa, moshi wake ni sumu. Plastiki ikiwa nzito na inavutika, ishindiliwe kwenye kopo la nyanya la gramu 400. Kipenyo cha kopo hilo ni sentimita 7.3, karibu kabisa na kipimo halisi.

Vya kwanza vilikuwa na kasoro mbili. Vilitoka na mapango ndani, maana plastiki ikipoa inasinyaa. Dawa: kipande cha mti kinachoingia ndani ya kopo, jiwe la lava juu yake, na kuacha mpaka baridi kabisa, si vuguvugu. Kasoro ya pili ilikuwa uzito. Kilipimwa sokoni kwenye mizani ya muuza sambaza, dagaa wa ziwa Kivu: gramu 100. Chepesi hivyo kinaruka hadi kifuani ukikipiga kwa nguvu. Sasa tunatia rondela za chuma (washa zinazokaa chini ya nati) katikati, tabaka la plastiki chini na juu, mpaka gramu 160.

Ikabaki tabia moja. Kikikuta changarawe, kinasimama kwa ubavu na kubingirika kama sarafu, kinatoka uwanjani huku watoto kumi wanakikimbiza. Visahani vya kiwandani vya hoki ya patini vina vichwa vidogo vinavyotokeza pande zote mbili, ili kisahani kiguse sakafu mahali pachache. Tuliweka skrubu za kichwa cha mviringo, tatu kila upande. Kilikwenda vizuri ajabu, na kikachora saruji ya parokia mistari myeupe kutoka goli hadi goli. Mlinzi alitusimamisha, na alikuwa na haki. Tukabadilisha: vipande vya mipini ya miswaki ya zamani, vimepigwa kwenye matundu plastiki ikiwa bado moto, vinatokeza milimita moja na nusu hivi. Mswaki ni laini, una mviringo, hauchori. Vikiisha tunang'oa na kupiga vingine.

Visahani kumi na vitano, pamoja na makaa na rondela, dola 15.

6 Julai 2024: Magoli, kingo, helmeti

Haraka haraka. Magoli mawili ya mabomba ya maji ya zamani, kipimo halisi, sentimita 183 kwa 122, pamoja na kuchomelea: dola 70. Wavu wa sambaza kutoka Kituku ulichanika kwa shuti la kwanza. Tumeweka wavu wa tilapia mara mbili, dola 8. Kingo ni mbao zilizosimamishwa kwa ubavu na kuegemezwa mawe ya lava, ambayo Goma hayanunuliwi. Mbao zenyewe tumezikodi kwa msimu mzima, dola 40, tutazirudisha bila matundu ya misumari. Helmeti kumi na mbili za baisikeli, za mitumba, dola 48. Kipa anavaa godoro lililokatwa na kushonewa ndani ya gunia, miguu na kifua, dola 22 kwa makipa wawili.

Kisahani kikipita juu ya goti ni kosa, hata kama kimeingia golini. Kugongana kwa mwili hakuruhusiwi.

13 Julai 2024: Mechi za kwanza

Vipindi vitatu vya dakika kumi. Ndosho 14, Katindo 11. Wazazi walifurahi, mimi sikufurahi: kipa wa miaka kumi na moja kwenye goli la watu wazima hana kazi ila kuokota. Fundi amekata magoli yakawa 122 kwa 91, kwa bei ya soda mbili. Mechi iliyofuata iliisha 5 kwa 3.

Shida kubwa zaidi ilikuwa mchanga. Kipindi cha kwanza kisahani kinateleza, cha pili kinakwaruza, cha tatu watoto wanasukuma tu. Fagio haitoshi, inahamisha mchanga kutoka hapa kwenda pale na kurusha vumbi. Kwenye barafu kazi hii hufanywa na mashine aliyoibuni Frank Zamboni huko California mwaka 1949: inakwangua, inaosha, inaacha maji mapya yagande. Sisi tuna chukudu. Tumefunga magunia mawili yaliyoloweshwa nyuma yake, mtoto mmoja anapanda kama uzito, wawili wanasukuma, wanazunguka uwanja kutoka nje kwenda katikati. Gunia bichi linabeba mchanga wote. Bidoni moja la lita 20 linatosha mapumziko yote mawili, na saruji inakauka kabla ya filimbi. Jambo pekee la kuangalia ni magunia kukamuliwa barabara, kwa sababu yakichuruzika watoto wanateleza wao badala ya kisahani.

Kupanda chukudu sasa kunagombaniwa kuliko namba kwenye timu.

24 Julai 2024: Benchi la adhabu

Katika hoki ukimkwaza mwenzako kwa gongo unakaa nje dakika mbili, na timu yako inacheza pungufu. Nililipenda sharti hili kwa sababu linafundisha bila kelele. Tulikuwa na kiti kimoja, peke yake, ng'ambo ya uwanja.

Mama mmoja wa Mabanga alimkuta mwanawe amekaa pale, watu wote wanamtazama. Akaja moja kwa moja kwa refa.

"Mtoto wangu ameiba nini hata mmemweka kizuizini?"

Refa, kijana wa miaka kumi na minane, alijibu, "Mama, samahani, ni sheria ya mchezo. Dakika mbili tu."

"Basi mchezo wenu una sheria ya askari." Akamshika mtoto mkono wakaenda. Mabanga walimaliza mechi wakiwa na mtu pungufu, si kwa dakika mbili.

Nilikwenda nyumbani kwao jioni, nikapewa kiti na chai, nikaelezwa tena, kwa upole safari hii, kwamba mtoto hukanywa pembeni, haonyeshwi kadamnasi. Sina hakika kwamba amekosea. Adhabu imebaki, kiti kimeondolewa: aliyeadhibiwa anakaa katikati ya wenzake wa akiba, na anayeshika saa ni mchezaji wa timu yake mwenyewe. Mama huyo hajaikubali mpaka leo, ila mtoto anamruhusu.

7 Agosti 2024: Umri na zamu

Hoki ya vijana hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa. Nusu ya watoto wetu hawana cheti cha kuzaliwa, na wale waliokimbia vijiji waliacha karatasi zote nyuma. Birere walileta kijana mwenye ndevu aliyeapa kuwa ana miaka kumi na tatu. Sasa tunaangalia ripoti ya shule: kuanzia darasa la sita la msingi hadi la nane, basi. Asiye na ripoti anasimamiwa na mwalimu au jirani anayemfahamu. Inavuja, lakini ndevu zimeondoka.

Jambo la pili ni zamu. Kwenye barafu mchezaji hukaa uwanjani chini ya dakika moja kwa kawaida, kisha anabadilishwa mchezo ukiendelea. Kwetu wale mahodari hawakutoka kabisa, na wadogo walimaliza asubuhi nzima wamesimama. Tumechukua utaratibu wa hoki ya watoto wadogo: kila dakika moja na nusu sufuria inapigwa, watatu wanatoka, watatu wa akiba wanaingia. Makocha walinung'unika wiki nzima. Mabao yamepungua kidogo, na waliokuwa wakikosa mazoezi wameacha kukosa.

17 Agosti 2024: Mpox

Wiki hii, tarehe 14, Shirika la Afya Duniani limetangaza ugonjwa wa mpox kuwa dharura ya kimataifa, na aina mpya yenyewe ilionekana kwanza Kamituga, kwa jirani zetu wa Kivu Kusini. Sisi tuna helmeti kumi na mbili zinazopita vichwa thelathini na viwili.

Tumesimama Jumamosi moja. Tulichofanya: kila mtoto aje na kitambaa chake cha kichwa cha kuvaa chini ya helmeti, na kurudi nacho nyumbani. Helmeti na mipini inafutwa kwa maji ya klorini kila mechi, kisha inaanikwa juani. Kupeana mikono mwishoni kumekuwa kugonganisha magongo. Mwenye upele au homa anabaki nyumbani, na nafasi yake haipotei. Kunawa hakukuhitaji somo: watoto wa Goma wamekua na ndoo za klorini mlangoni tangu Ebola. Godoro la kipa ndilo linalonisumbua, halifutiki. Kila kipa sasa ana lake, tumeshona mengine kwa mabaki.

Maji na klorini kwa msimu wote, dola 25.

31 Agosti 2024: Msimu umefungwa

Pointi tatu kwa ushindi, mbili kwa ushindi wa muda wa nyongeza, moja kwa aliyeshindwa kwenye muda huo. Ndosho 14, Mabanga 9, Katindo 5, Birere 2. Mechi mbili hazikuchezwa, moja mji ulifungwa, moja ni ya ile Jumamosi ya mpox, na zote zilikuwa za Birere. Wanasema wameonewa na ratiba, na nikiiangalia siwezi kuwapinga: hawakushinda hata mara moja, lakini katika mechi nne mbili walizifikisha muda wa nyongeza. Mwakani tunaacha wiki mbili tupu mwishoni kwa viporo.

Mbao zimerudishwa, mbili zina matundu, tumelipa.

30 Septemba 2024: Hesabu

Pamoja na usafiri, dola 30, tumetumia dola 490, tukarudishiwa 60 za patini. Atakayeanza leo bila patini na bila magongo yale sita ya kwanza aweke dola 358. Mali iliyobaki: magongo kumi na saba mazima, visahani tisa, magoli, helmeti zote.

Mwezi huu shirikisho la hoki ya barafu la dunia limeipokea Kenya kuwa mwanachama mshiriki. Watoto wamenitumia habari hiyo kabla sijaiona, na swali lile lile la Mei.

Kopo, kishindilio na kipimo cha matundu ya miswaki viko kwa fundi Ndosho. Anayetaka kuiga anaweza kwenda na bidoni lake. Kisahani kimoja anakitoa kwa franka 3,000, na mabidoni ya rangi nyingine anayakataa kwa sababu anasema ya njano ndiyo yanaonekana kwenye saruji yetu nyeusi.